Siku ya Pili Baada ya Kutua

 Kama umeshafika nyumbani na chai iko jikoni, vema. Kama bado uko kwenye foleni, basi tusindikizane. Leo nina jambo la nyumbani kwangu. Nimelibeba miaka mingi bila kulisema hadharani, na nimeona nilitoe kwa sababu kila ninapokutana na wenzangu wa kazi hii, akina mama na akina baba, nakuta wamelibeba vilevile.

Mimi ni mshauri mwelekezi na mkufunzi. Tangu mwaka 2008 nafanya tathmini ya miradi ya maji vijijini na kuwafundisha wanaoisimamia. Kazi hiyo imenipeleka Lilongwe, Kigali, Addis Ababa, Juba, Accra na kwingineko. Nyumbani ni Dar es Salaam. Nina mume, nina binti na mdogo wake wa kiume, nina mama yangu na mama mkwe, wote wawili hai, namshukuru Mungu.

Majirani wanaliona begi. Wanaona teksi imesimama getini saa tisa usiku, mwanamke anatoka na begi la magurudumu, na baada ya wiki moja anarudi na kahawa ya Ethiopia ya kugawa. Picha hiyo si ya uongo. Ila watoto hawamo ndani yake, na watoto ndio walionifanya nije hapa studio leo.

Kwa miaka kumi na miwili niliamini kwamba kinachonitenga na wanangu ni ndege. Nikitua nilijiambia, haya, sasa niko nyumbani. Nilikosea. Kilichonitenga nao zaidi kilikuwa ripoti.

Ngoja nieleze namna kazi hii inavyokwenda. Mshauri anauza siku. Hadidu za rejea zikija, zitasema kazi hii ni ya siku 25. Ukizigawa utakuta siku tano za kusoma makabrasha na kuandika ripoti ya awali, siku kumi za uwandani au za warsha, na kumi zilizobaki ni za kuchambua taarifa, kuandika rasimu, kuiwasilisha, kupokea maoni na kuandika tena. Zile kumi za uwandani ndizo familia inazozijua. Watoto wanazihesabu kwa vidole, baba yao anazipangia ratiba, bibi anaziombea dua. Lakini zile kumi na tano nyingine zinafanyikia wapi? Zinafanyikia nyumbani, kwenye meza ya chakula, sahani zimesogezwa pembeni.

Na hazibaki kumi na tano. Unapeleka rasimu, mteja anakaa nayo wiki tatu, halafu maoni yanakuja kurasa nane siku ya Ijumaa jioni, wakati tayari umeshaanza kazi nyingine. Unafungua kompyuta Jumamosi. Unasema, "Nipeni saa mbili tu." Jua linazama ungali palepale.

Mtoto analielewa begi. Begi lina maana moja tu: mama anaondoka. Likirudi, mama amerudi. Hata mtoto wa miaka mitatu analijua hilo, atalia getini, kisha atafutwa machozi na kwenda kucheza. Asichokielewa ni mama aliyekaa kwenye kochi, anayejibu "ndiyo mwanangu" bila kusikia alichoulizwa. Mama huyo yuko na hayuko, na mtoto hana neno la kuliitia jambo hilo.

Mwaka 2020 ndio ulionionyesha. Mtakumbuka shule zilifungwa tarehe 17 Machi, na mwezi wa nne safari za ndege za kimataifa zikasimama. Kazi zangu mbili za nje zikahamia kwenye Zoom. Nilifurahi moyoni, na nalisema kwa aibu kwa sababu watu walikuwa wanaugua na wengine wanazikwa. Nilifurahi kwamba sasa nitakaa na wanangu mpaka wanichoke. Nikageuza chumba cha kulala kuwa ofisi. Nikafunga mlango, maana washiriki walikuwa wanasikia kuku wa jirani na katuni za sebuleni. Chai ya saa nne, ile ya warsha za kawaida ambayo watu husimama wakacheka na kujuana, haikuwepo tena. Tulipumzika dakika kumi na kurudi. Jioni macho yanawaka moto, halafu ndipo naanza kuandika.

Siku moja katikati ya mwezi wa tano niko katikati ya somo, naona kikaratasi kinapenya chini ya mlango. Kimechanwa kwenye daftari la hesabu. Mwanangu wa kiume, miaka minane, ameandika kwa penseli: "Mama unarudi lini?"

Msikilizaji, nilikuwa hatua tano kutoka alipo. Nilikuwa sijapanda ndege kwa siku sitini na zaidi.

Sikuweza kuendelea na somo. Niliwaambia washiriki intaneti inasumbua, nikatoka. Tulikaa barazani mimi na yeye, akanionyesha mtego wa ndege aliokuwa ameutengeneza na dada yake. Ulikuwa umekamilika tangu siku nne nyuma. Siku nne mtego uko barazani kwangu na mimi sijauona.

Turudi nyuma kidogo. Wazee wetu wa pwani walisafiri kuliko mimi. Mabaharia wa Sur na Muscat walikuja Unguja na Mombasa kwa kaskazi, ule upepo wa Desemba hadi Machi, wakarudi kwao kwa kusi. Waliotoka Lamu kwenda Arabuni walifanya kinyume chake. Waliokuwa wakibaki nyumbani walijua mtu wao ataondoka na upepo gani na atarudi na upepo gani. Sisemi maisha yale yalikuwa matamu. Bahari ilizamisha majahazi, na wapo waliooa bandari ya pili na kuisahau ya kwanza. Nasema tu kwamba safari ilikuwa na majira. Mke aliweza kupanga harusi, kutahiri mtoto, kuezeka nyumba, akijua mume yupo au hayupo.

Mimi nilidhani kazi yangu haina majira. Simu inalia, unaondoka. Mpaka nilipokaa chini mwaka huohuo wa 2020, nikachukua mikataba yangu yote ya miaka sita, nikaipanga sakafuni kwa miezi. Nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona zamani, mimi ambaye nalipwa kwa kusoma takwimu za watu. Kazi zilikuwa zimelundikana sehemu tatu. Mwaka wa fedha wa serikali za Tanzania, Kenya na Uganda unaishia tarehe 30 Juni. Wa serikali ya Marekani unaishia 30 Septemba. Mashirika mengi mengine yanafunga hesabu 31 Desemba. Fedha isiyotumika inarudi au inaleta maswali, kwa hiyo tathmini na mafunzo yaliyolala kabatini tangu Januari yanaamka yote kwa pamoja mwezi wa tano, mwezi wa nane, na kuanzia mwezi wa kumi mpaka wiki ya kwanza ya Desemba. Huo ndio upepo wetu. Tunao, ila hakuna aliyetuambia.

Sasa tazama upepo huo unavumia wapi. Darasa la saba wanafanya mtihani wa taifa Septemba. Kidato cha nne wanauanza Novemba. Mahafali yanaangukia humohumo. Mtoto wa mshauri anakuwa na siku yake kubwa kabisa wakati mzazi wake yuko kwenye msimu wake mkubwa kabisa.

Agosti 2019 nilipigiwa simu: Addis Ababa, siku nane, mwezi ujao. Nilikubali kabla sijamaliza kusikia tarehe. Binti yangu alikuwa darasa la saba, na mahafali yao yaliangukia siku ya tano ya zile nane. Alipangiwa kughani shairi. Nimeliona shairi hilo kwenye simu, limerekodiwa na baba yake akiwa viti vya nyuma. Nusu ya picha ni kilemba cha mama wa watu. Nilipompigia usiku kumpongeza na kumwomba radhi, akaniambia, "Haina shida, mama." Aliisema kwa upole na haraka, kwa sauti ileile ninayoitumia mimi nikiongea na mteja aliyenichelewesha. Angelia ningepata nafuu.

Kwa nini nilikubali haraka hivyo? Hapa naomba wale mnaotuona tunaruka mnisikilize vizuri, kwa sababu watu wanadhani ni tamaa ya dola. Mara nyingi ni hofu. Malipo ya ushauri yanakuja kwa awamu: kiasi baada ya ripoti ya awali, kiasi baada ya rasimu, na kilichobaki baada ya ripoti ya mwisho kukubaliwa. Hilo neno "kukubaliwa" limewakosesha usingizi watu wengi. Mwenye kusaini yuko likizo, aliyekaimu hajapewa mamlaka, ankara ina kosa la herufi moja irudishwe. Siku 30 zinakuwa 60, zinakuwa 90. Mteja akiwa wa hapa nchini anakata kwanza kodi ya zuio asilimia 5. Na ada ya shule inataka kulipwa Januari, haijui habari za awamu. Basi mtu mwenye fedha yake mikononi mwa watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyelipa, simu ikilia anasema ndiyo. Anasema ndiyo kwa kazi mbili zinazogongana. Kisha ripoti mbili zinakutana kwenye meza moja ya chakula, usiku mmoja, na mtoto anayetaka kusaidiwa hesabu za sehemu.

Mimi na mume wangu tulichofanya hakikuwa na siri yoyote. Tuliamua kuweka akiba inayotosha matumizi ya nyumba kwa miezi minne, isiyoguswa kwa jambo lingine lolote, hata kiwanja. Tunaiita akiba ya hapana. Ilituchukua miaka miwili na nusu kuijaza, na katika muda huo tulikaa bila gari. Tangu imejaa nimeshakataa kazi saba. Nazihesabu kwa sababu kila moja ilikuwa na siku ya mtu wa nyumbani ndani yake, na siku hizo nilikuwepo.

Kuna jambo jingine ambalo mshauri analikosa na hatulizungumzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, 100 akijifungua mapacha, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Baba anapata siku zisizopungua tatu. Mshauri anayejitegemea anajipa mwenyewe, na ukijipa mwenyewe unajipa kidogo. Mwanangu wa pili alizaliwa mwaka 2012, na alipofikisha wiki tisa nilikuwa na warsha Kigali ambayo nilishaisaini kabla sijajua kwamba nina mimba.

Nikamchukua mama yangu. Hakuwahi kupanda ndege maisha yake yote. Tiketi yake nililipa mimi, na chumba chetu nikakilipia nyongeza. Mama alikaa bustanini chini ya mti, mjukuu kwenye khanga, na saa nne washiriki walipokwenda kunywa chai mimi nilikwenda kunyonyesha. Saa saba hivyohivyo. Siku ya tatu mshiriki mmoja, mhandisi mtu mzima, alimpelekea mama yangu kiti chenye mgongo na kikombe cha maziwa ya moto. Hawakuwa na lugha ya kuongea. Mama mpaka leo akitaja Kigali anataja kiti kile. Mimi nikikumbuka safari ile nakumbuka kwamba nilifundisha vizuri, vizuri kuliko kawaida yangu, kwa sababu nilijua mtoto yuko wapi na kashiba.

Sasa lile swali. Mwanamke yeyote wa kazi hii analijua. Unakaa mezani usiku wa kwanza wa warsha, mtu anakuuliza una watoto wangapi, unamjibu, naye anakuuliza, "Sasa umewaachia nani?" Nimeulizwa katika kila nchi niliyofanya kazi. Nimefanya kazi miaka minne na mwenzangu mwanamume mwenye watoto watatu, tumekaa meza moja mara nyingi, na sijawahi kusikia akiulizwa. Wanaouliza hawana nia mbaya, wengi wananionea huruma. Lakini swali linakuja na hukumu ndani yake, na hukumu hiyo unalala nayo hotelini. Nilipoanza kujibu "Wako na baba yao," kimya kilichofuata kilinifundisha mengi kuhusu sisi.

Ndiyo maana namheshimu sana marehemu Profesa Wangari Maathai kwa jambo ambalo watu hawalitaji. Wanamtaja kwa miti, kwa Green Belt Movement aliyoianzisha mwaka 1977, na kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004. Lakini katika kitabu cha maisha yake, Unbowed, kilichotoka mwaka 2006, anaeleza kwamba baada ya ndoa yake kuvunjika fedha zilimwishia, akapata kazi chini ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa na makao Lusaka na yenye kumzungusha Afrika. Watoto wake watatu hakuweza kwenda nao. Akawapeleka kwa baba yao, akaenda kazini. Walikaa kwa baba yao mpaka mwaka 1985, yeye akiwatembelea. Nilizisoma kurasa hizo nikiwa angani, nikafunga kitabu, sikukifungua tena mpaka nilipotua. Angeweza kuliruka jambo lile kwenye kitabu, nani angemuuliza? Aliliandika. Sijui mama mwingine wa hadhi yake aliyetuambia waziwazi kwamba kuna mwaka alisimama mlangoni pa watu na kuacha wanawe watatu ili apate mshahara wa kuwarudia.

Nikisema watoto wangu wako na baba yao, sisemi kweli yote. Baba yao ni mwalimu wa sekondari, anatoka saa kumi na mbili alfajiri. Anayewaamsha watoto, anayejua soksi iko wapi, anayejua kwamba mdogo akinyamaza sana ana homa, ni dada yetu wa kazi. Amekaa nasi miaka kumi na moja. Alikuja kutoka Singida akiwa na miaka ishirini na miwili, na huko alimwacha mtoto wa kike wa miaka miwili na bibi yake.

Miaka yake mitatu ya kwanza kwangu sikulitafakari hilo. Nilikuwa najua ana mtoto, kama mtu anavyojua jambo. Nilimpa nauli ya Krismasi na mchele na nguo za binti yangu zilizombana. Mpaka usiku mmoja nimerudi kutoka Juba, nikamkuta jikoni anaongea na simu kwa sauti ya chini, anaimba. Anamwimbia mtoto alale. Saa tatu usiku, baada ya kuwalaza wangu. Nikasimama koridoni na begi langu. Mimi nilikuwa nimekosekana nyumbani siku kumi na moja na najihurumia. Yeye alikuwa hajaonana na mwanawe tangu Januari, na ilikuwa Oktoba.

Safari zangu zote zimesimama juu ya safari yake moja ndefu. Kama nazungumza habari ya kulea na kufanya kazi, na simtaji yeye, basi nazungumza nusu.

Sheria ileile ya 2004 inamhusu na yeye. Mfanyakazi wa nyumbani ni mfanyakazi, na anastahili likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Nilikuwa nafundisha mambo ya utawala bora kwenye nchi za watu, na nyumbani kwangu kuna mtu hana mkataba. Tukaandika mkataba, nakala mbili, Kiswahili, na mume wangu akasaini. Tukakubaliana siku 28 azigawe mara mbili, kwa kupenda yeye mwenyewe: nusu Juni, nusu Desemba, shule zikifungwa, ili amkute mwanawe nyumbani. Juni na Desemba, msikilizaji, huangukia mkiani mwa upepo wangu. Kazi za Juni nimezikosa nyingi kwa sababu hiyo. Sasa binti yake ana miaka kumi na mitatu, na mara mbili amekuja kukaa kwetu likizo ya mwezi wa tisa. Yeye na mwanangu wa kiume wanagombana kama ndugu, jambo linalonipa faraja kuliko ninavyoweza kueleza.

Mume wangu naye ana lake, na aliniruhusu nilitaje. Kuna wakati alinikalisha akasema, "Mama watoto, ukiwa safari nyumba inakwenda. Ukirudi, siku moja tu, unabadilisha saa ya kulala, unabadilisha chakula, unauliza kwa nini televisheni iko wazi. Unaikagua nyumba kama mradi. Sisi tunaanza kuogopa kurudi kwako." Maneno hayo yalinichoma, na yalikuwa ya kweli. Mtu aliyekuwa mbali anataka kujihakikishia kwamba bado ana nafasi, na njia rahisi ya kujihakikishia ni kutoa amri.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimeufikiria sana msemo huo, kwa sababu siku ya kwanza baada ya kutua mimi kweli ni mgeni nyumbani kwangu. Mwili umechoka, zawadi zinafunguliwa, kila mtu ana adabu isiyo ya kawaida. Mwanangu alikuwa na tabia ya kunirukia getini kwa furaha, na dakika kumi baadaye analia kwa hasira kwa kitu kidogo, pengine soda imepewa dada yake kwanza. Zamani nilimgombeza. Sasa najua zile ni siku tisa zilizokuwa zinasubiri mtu wa kuzipokea. Siku ya pili ndiyo inayoamua. Siku ya pili ndiyo niliyokuwa nafungua kompyuta kuanza ripoti, kwa hoja kwamba mambo bado yako kichwani.

Sasa siku ya pili sigusi kompyuta, na ninapopanga ratiba ya kazi na mteja siku hiyo haimo ndani ya siku ninazomuuzia. Wateja wawili waliniuliza kwa nini, nikawaambia kweli, na mmoja wao akanyamaza kisha akasema hata yeye angependa kuwa nayo. Ripoti naziandikia Sinza, kwenye chumba cha rafiki yangu ambako nimekodi meza. Natoka nyumbani saa mbili asubuhi, narudi saa kumi na moja jioni kama watu wengine waendao kazini, na kompyuta inalala hukohuko. Inanigharimu kodi na nauli. Maoni ya Ijumaa jioni yanasubiri Jumatatu, na mpaka leo hakuna mradi wa maji uliokauka kwa kusubiri kwangu.

Simu nayo inasaidia, kwa kiasi chake. Nilipoanza, nilikuwa nanunua vocha za nchi ya watu na kuongea dakika nne. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009 mambo yalibadilika, na leo tunaonana uso kwa uso. Ila angalia saa. Accra iko nyuma yetu kwa saa tatu. Ukisubiri warsha iishe saa kumi na moja jioni, huku ni saa mbili usiku na mtoto anasinzia, atakujibu kwa kuguna. Nilihamishia simu saa saba mchana, wakati wa chakula, huku ikiwa saa kumi alasiri, ndiyo kwanza anavua viatu vya shule na ana habari zote mdomoni. Nimekula chakula cha baridi Accra siku nyingi, na sijutii hata siku moja.

Kwenye mlango wa jiko kuna kalenda, ile kubwa inayogawiwa mwisho wa mwaka. Januari tunakaa wote sita, bibi akiwepo, na tunaanza na siku 28 za dada kwa kalamu nyekundu. Kisha mitihani na mahafali. Kisha mitihani ya baba ya kusahihisha. Mwisho kabisa naingia mimi na upepo wangu, kwa penseli, kwa sababu mimi ndiye ninayefutika.

Jumapili hii naondoka kwenda Lilongwe, narudi Jumatatu ya wiki ijayo. Malawi tumepakana nayo pale Kasumulu, lakini tiketi yangu inanipeleka kaskazini mpaka Addis Ababa kwanza, ndipo nirudi kusini; ndivyo zilivyo njia za anga za Afrika yetu. Nimeichora safari yangu kwenye kalenda jana usiku. Asubuhi nimekwenda kuchukua chumvi, nikakuta mwanangu ameongeza neno. Hakuandika kwenye Jumatatu ninayotua. Ameandika kwenye Jumanne, kwa kalamu ya wino: "Mama, zamu ya vyombo."